Fundi wa Gerezani kalehemu boila yangu kwa risasi ya redio!

Jamani, nina hasira, nivumilieni. Najenga kichwa cha treni cha mvuke, kidogo cha kubeba mikononi, ila moto na maji ni vya kweli. Boila yake ni ya shaba nyekundu. Juzi juzi nikaipeleka karakana moja kule Gerezani, Dar, jina nalihifadhi, pamoja na fimbo za silver za kulehemia nilizonunua kwa mafundi wa friji. Nikasisitiza: kila kiungo silver, hasa kwenye kikasha cha moto.

Nimeichukua inang'aa, nikashukuru. Nyumbani nikakwaruza kiungo kimoja kwa kisu. Kisu kikazama, kikatoka na unyuzi wa kijivu. Risasi! Ile laini ya mafundi redio, inayeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Mvuke wa presha ya psi 80 peke yake unapita nyuzi 160, hapo sijataja moto wenyewe. Silver mpaka uvuke nyuzi 600 ndiyo ilegee. Maji yakipungua kidogo tu, viungo vinaachia, na tulioinamia pale ni mimi na wanangu.

Nikarudi. "Fundi, mbona umelehemu kwa risasi?" Hata macho hakunyanyua. "Mzee wangu, si toi la mtoto hili? Au unataka likavute mabehewa mpaka Kigoma?" Vijana wake wakaangua kicheko. Na fimbo zangu? "Ziliisha." Ziliishaje na hakuna hata tone lake kwenye boila!

Shaba ikishaguswa na risasi, silver haikamati sawasawa mpaka uikwangue yote. Kikasha kile nakitupa tu.

Haki yake nimpe: sahani za mbele na nyuma alizikunja vizuri mno. Alizipasha zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini, akagonga taratibu kwenye kalibu ya mbao, hakuna ufa hata mmoja. Nilitaka kuwaambia mpelekeeni kazi ya kukunja tu, kulehemu mtafute mwingine.

Nafuta. Nimekumbuka aliniambia boila "ameshaipima", kumbe kwa upepo wa kompresa ya matairi! Boila hupimwa kwa maji, tena mara mbili ya presha ya kazi, kwa sababu maji hayabonyei. Kiungo kikiachia, yanavuja basi. Upepo unalipua. Na wale vijana waliokuwa wananicheka ndio walioishika.

Msimpelekee hata sufuria. Na fimbo zangu nazidai, wiki hii napita tena.