Breki ya mtutu yenye nati ya kufungia: uzoefu wangu na .375 hapa Tabora

Breki hii, kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, nimeitumia kwenye bunduki yangu ya CZ 550 ya risasi za .375 H&H msimu mzima wa uwindaji, upande wa Sikonge, na nimeridhika nayo. Teke inapunguza kweli, maana sehemu ya gesi ya baruti inatokea kwenye matundu ya ubavuni, bega linapumua. Ila breki karibu zote zinafanya hivyo. Mimi hii naipendea kufunguka kwake, kwa sababu mtutu wenye breki isiyofunguka hausafishiki ukatakata.

Ukisukuma kitambaa kutoka nyuma huku breki ikiwa mahali pake, kikishatoka mdomoni kinatanuka ndani ya breki na kunasa. Ukikivuta, kinarudi na masizi na chembe za shaba, na vyote vinapita juu ya ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukingo huo ndio wa mwisho kuigusa risasi. Ukichubuka, shabaha imeharibika. Dawa ya kusafishia nayo inachuruzikia kwenye meno ya mtutu yanayoshika breki na kubaki humo, na mvua za Novemba zikianza kutu haichelewi.

Niliyokuwa nayo kabla ilikaa kwa washa inayobonyea, pete ya chuma inayobanwa kati ya breki na mtutu: kila ukifungua unahitaji mpya, na hapa mjini sikuzipata. Hii ina nati yake. Kwanza bunduki iwe tupu, bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu) nje, chemba inapokaa risasi umeiangalia na kuipapasa kwa kidole. Unalegeza nati kwa spana, breki unaizungusha kwa mkono mpaka itoke.

Nailoweka usiku kucha kwenye dawa ya masizi, kisha nachokonoa matundu kwa mswaki wa nailoni. Yangu ni ya chuma cha pua, inastahimili. Ya alumini usiiloweke kwenye dawa yenye amonia, italiwa. Meno ya mtutu nayasugua makavu, napaka grisi ya shaba kidogo sana, tone tu, ili siku nyingine isigome kufunguka. Nati ikishika inatosha. Wapo wanaoongezea bomba kwenye spana kama wanafungua tairi la lori, wakaua meno ya mtutu wa thamani.

Ukiirudisha, matundu yalale sawa pande zote mbili, na upige karatasi mita 100 kabla ya kuingia porini, kwani mahali risasi inapopiga panaweza kuhama.

Kasoro yake ni kelele. Mlipuko unatoka ubavuni, kwa hiyo anayekusomea nyayo za wanyama asisimame sambamba na mdomo wa mtutu. Akae nyuma yako, na wote mzibe masikio. Kwa hilo peke yake nimeipunguzia nyota moja.