Chai ya dang gui ya Kichina, tumbo poa ila boksi linadanganya
Jamani hii chai ya mitishamba yenye mizizi ya dang gui, tangawizi, tende nyekundu na sukari guru mi nimeipenda, japo ukifungua tu paketi chumba kizima kinanuka mizizi. Inaanza tamu alafu uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Tumbo la hedhi linaacha kukaza kiasi, nadhani kazi kubwa ni ya tangawizi na joto lenyewe, maana hata chupa ya maji moto husaidia. Kero ni boksi, eti inatibu mpaka uvimbe, wapi! Alafu hawajaandika kabisa kwamba dang gui haifai kwa mjamzito wala anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), damu inaweza kutoka zaidi. Nyota 3.