TAHADHARI: Huyu "mtaalamu wa homoni" anayewapaka aidini mkononi ni TAPELI

Jamani nimelizwa, na hii mikono inayotetemeka si hasira peke yake. Habari za uchovu wangu mnazijua, sirudii.

Huyu dada ana koti jeupe na sauti ya kubembeleza. Unaamka umechoka, mpendwa? Nywele zinakatika? Unasikia baridi wenzako wakiwa sawa? Yote ndiyo. Akachovya pamba kwenye aidini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, akanipaka mkononi kwa ndani, mraba ulionyooka kama kaupiga rula. Nisipaoshe, nimtumie picha. Kabla sijalala doa limefifia. "Umeona mwili ulivyoinyonya? Tezi yako ya shingo ina njaa ya madini joto, yaani aidini." Kesho yake akafunga pazia, akanimulika tochi jichoni: eti mboni ikishindwa kubaki imejibana, tezi adrenali, zile ndogo zilizo juu ya figo, zimechoka. Mtu ambaye kila anakokwenda anaambiwa "ni mawazo tu, pumzika" leo anashikwa mkono na kuambiwa ugonjwa wake una jina! Msiniambie nyie msingeamini.

Na vile vidonge "vya asili tupu" vilifanya kazi, ndicho kinachoniuma. Niliamka mwepesi, nikavisifia mpaka kwenye kundi la familia (nafuta meseji moja moja sasa hivi). Halafu moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimelala, jasho, usingizi hakuna. Kumuuliza: "Mwili unatoa sumu, ongeza dozi." ONGEZA DOZI!

Hospitali, kipimo cha damu, TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya shingo ifanye kazi, iko chini kabisa. Yaani homoni ya thairoidi, hiyohiyo tezi ya shingo, imenizidi, mimi niliyeambiwa tezi imelala. Doa la aidini hufifia lenyewe, jingine linapotelea hewani, halipimi tezi ya mtu yeyote. Huo "uchovu wa adrenali" ni jina lililozuka Marekani 1998, madaktari wa homoni hawautambui. Adrenali kushindwa kweli kupo, ugonjwa wa Addison, ila huo hutafutwa kwa kupima kotisoli, homoni ya adrenali, kwenye damu, si kwa tochi. Mwaka 2018 watafiti walipima virutubisho 12 vya "kusaidia adrenali" huko Marekani: vyote vilikuwa na homoni ya thairoidi, T3, na vingi vilikuwa na steroidi pia, homoni za jamii ya kotisoli. Asili gani hiyo?

Afungwe. Avuliwe lile koti mchana kweupe na arudishe hela za watu, wamo wagonjwa wa moyo aliowapa kopo hilihili!

Mtamjua: anapima mwenyewe anauza mwenyewe, kopo halina orodha ya vilivyomo, na ukitaja hospitali ananuna.

Mlio nalo msilitupe, nendeni nalo kwa daktari. Na msikate ghafla bila kumuuliza, maana kama mna steroidi ndani, adrenali zako zinaweza kuwa zimelala kwelikweli safari hii. Meseji zake zote ninazo. Anayetaka tumshtaki pamoja anitafute inbox.