TAHADHARI: Seti za "kujaza maji zenyewe" za tangi la samaki wa baharini, Mtwara mjini

Wakuu wa Mtwara na Lindi mnaofuga samaki wa baharini nyumbani, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza seti ya kujaza tangi yenyewe maji yanapopungua: pampu, mpira, boya na dumu. Hana duka. Hela yote anataka itangulie, mzigo unaletwa na bodaboda. Jamaa zangu wa Shangani na Ligula wameshaliwa, na seti zao nimezifungua mwenyewe.

Boya la kweli lina sumaku ndani. Likipanda linakata swichi iliyofichwa kwenye kishina chake, pampu inazima. La huyu bwana ni plastiki tupu, nyaya zimeungwa moja kwa moja, kwa hiyo pampu inamimina mpaka dumu likauke au sebule ifurike. Seti nyingine ilikuwa na sumaku, lakini umeme wa volti 230 umepitishwa kwenye kiswichi hicho hicho, ndani ya maji ya chumvi! Viswichi vile ni vya umeme mdogo, volti 12 hivi. Ukivibebesha pampu ya umeme wa ukutani, ncha zinagandana na pampu haizimi tena. Hapo shoti sijaitaja.

Kinachoniudhi zaidi, anakuuzia na madumu ya maji ya bahari, eti "ya kuongezea". Joto letu hili linaondoa maji tu, chumvi inabaki. Tangi la lita 100 lina chumvi kama kilo 3.5. Zikikauka lita 10 ukarudishia maji ya bahari, umeongeza gramu 350. Rudia tena, tayari uko gramu 42 kwa lita badala ya 35, na matumbawe hayavumilii hayo. Kinachorudishwa ni maji matamu yaliyochujwa, basi.

Kabla hujatoa hela, sogeza sindano uone kama boya linaivuta. Kisha weka testa ya mlio kwenye nyaya za boya: boya likiwa chini ilie, likiwa juu inyamaze. Akikataa kupimiwa, achana naye.

Uliyekwisha kununua, chomoa plagi kabla hujatia mkono majini. Chumvi ikiwa imepanda usiishushe kwa siku moja; toa maji kidogo, weka matamu, endelea hivyo siku kadhaa huku unapima. Namba yake tumeshairipoti kwa 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, ila anabadili laini. Tangazo ni lile lile: picha ya matumbawe ya zambarau na maneno "orijino, haina kufeli".