OraQuick: kujipima VVU bila kupanga foleni

Kwa bodaboda wa Kilombero au mpagazi wa stendi Arusha, kliniki ya asubuhi ni hesabu ya kupoteza: saa za foleni ndizo saa za abiria. Kipimo hiki kinamwondolea kikwazo hicho. Sheria ya Tanzania iliruhusu kujipima mwaka 2019.

Hakuna kutoboa kidole. Dakika 15 kabla, usile, usinywe wala usitafune chochote. Ukipiga mswaki, subiri dakika 30. Fungua kichupa, usimwage maji yake. Pitisha kijiti mara moja tu kwenye fizi za juu, mara moja za chini, kisha kitumbukize. Soma jibu kati ya dakika 20 na 40, si baadaye. Mstari mmoja kwenye alama ya C ya kijiti: hakuna dalili ya maambukizi. Miwili, hata wa pili ukififia: nenda ukathibitishe. C ikikosa mstari, kipimo kimeharibika.

Wengi huharibu hapa: wanakwangua shavu au ulimi, au wanakiacha kwenye pikipiki juani, wakati mwisho wake ni nyuzi 30. Anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU, asikitumie, kinaweza kumdanganya.

Udhaifu mkubwa ni dirisha la miezi 3: maambukizi mapya huenda yasionekane. Pia kipimo hakimsindikizi mtu. Kijana mwenye mistari miwili saa nne usiku, peke yake ghetto, anahitaji mtu wa kumpeleka hospitali ya Mount Meru kesho yake. Wagawaji wanaotoa boksi bila maelekezo hayo wamefanya nusu ya kazi.