Baiskeli nzuri, pampu ya balaa: kukodi Kizimkazi mpaka Makunduchi

Naanza na pampu kwa sababu wallahi mpaka leo nikiikumbuka nnapandwa. Ilikuwa ndani ya kimfuko kinachofungwa chini ya siti, nyeusi, mpya, bado imo kwenye plastiki yake, na mdomo wake mpana, ule wa kujazia upepo pikipiki. Na baiskeli yenyewe waliyonipa vali zake nyembamba, zile ndefu kama msumari, ambazo lazima kwanza ukilegeze kile kichwa kidogo ndo upepo uingie. Sasa niambieni, aliyevitia vitu hivi viwili pamoja alikuwa anafikiri nini? Hakuwa anafikiri. Alitia pampu ili akiulizwa aseme pampu ipo.

Na mie niliuliza. Niliuliza kabisa, "pampu ipo?", akanambia "kila kitu kimo humo dada". Kila kitu!

Haya, nirudi nyuma. Mie napenda baiskeli tangu mtoto lakini Mjini Unguja huwezi, baina ya daladala, bodaboda na watu wa Darajani unapigiwa honi mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi, kwa hiyo niliposikia kuna duka kule kusini (jina silitaji, nisije nikaitwa) wanakodisha baiskeli za kifusi, zile zenye usukani wa kuinama kama za mashindano ila tairi zake nene, nikaweka pesa. Ilikuwa siku za kusi, Mwaka Kogwa, ile sherehe ya Makunduchi, ulikuwa umeshapita, tarehe msiniulize. Nikapanda daladala ya 326 asubuhi na mapema na mkate wangu wa kumimina ndani ya mkoba.

Kijana wa dukani salamu yangu hakuijibu sawasawa. Akautazama mtandio, akatazama raba zangu, akauliza, "Umekuja na nani?" Nimekuja na elfu arobaini za kukodia, ndo nimekuja nazo. Akaanza kunisomea, ati baiskeli hizi laini, wenyeji wanaziua, wageni ndo wanajua kuzitunza. Wenyeji! Na yeye lafudhi yake ni ya kule kule. Akataka kitambulisho na amana elfu hamsini juu, na yule mzungu aliyekuwa mbele yangu sikuona akidaiwa hata mia. Nikameza mate, kwa sababu kile chombo nilishakiona kimeegemezwa ukutani na moyo wangu ulishapanda juu yake.

Na hapa lazima niseme kweli, maana haki ni haki: baiskeli ile ni tamu. Nyepesi, gia zinaingia bila kelele, breki ukigusa tu inasimama. Nilianzia Kizimkazi Dimbani pale msikitini, ule wenye maandishi ya Kikufi, ile hati ya Kiarabu ya kale, ya mwaka 500 Hijria, ndo 1107 hiyo, nikawasomea Fatiha waliolala pale nje, nikaondoka. Ukishaiacha barabara ya magari ukashika vinjia vya uwandani, kule kwenye jiwe na vichaka, vile vya wakata kuni na wavuvi, basi dunia imekwisha nyamaza. Hakuna gari, hakuna honi, hata bodaboda hakuna. Unasikia tairi inavyosaga kokoto na bahari mkono wa kulia inavyopiga jiwe. Ukuta wa jiwe si mrefu lakini maji yameula chini miaka na miaka mpaka umekuwa kama uyoga, na wewe upo juu ya kichwa cha uyoga, wimbi likiingia pangoni unalisikia miguuni kabla ya masikio, bup, halafu rasharasha ya chumvi inakuja usoni na ule upepo wa kusi. Kuna pahala kitu kilikurupuka kichakani mbele yangu, kidogo, chekundu chekundu, kikapotea. Kijiji cha Mtende huko wana paa nunga wao na hawabaki wengi duniani, kwa hiyo mie nimeshaamua alikuwa paa nunga, na mtu asinambie mbuzi.

Nilicheka peke yangu kwa sauti. Mwanamke mzima.

Basi lile jiwe la uwandani mnalijua, ni matumbawe ya zamani yaliyotoka baharini, na ukali wake haujaondoka, linakata kama wembe. Nikajisahau kwenye mteremko mdogo, tairi ya nyuma ikapita ubavuni mwa jiwe, nikasikia psss, na kabla sijashuka rimu ilishagusa chini. Skuogopa. Kubadilisha tyubu najua, nimefunzwa na kaka zangu. Nikapindua baiskeli, nikatoa tairi, tyubu mpya kwenye kimfuko ipo, nikaitia vizuri, nikajisifu, nikaichana plastiki ya pampu.

Nimejaribu kila namna. Nimeishika ile vali kwa mtandio nikaikandamizia pampu mpaka kidole gumba kikatoka damu. Upepo unatoka pembeni, fyu, fyu, kama unanicheka. Nikampigia yule kijana, namba yake ipo kwenye risiti. Nikamueleza kwa adabu, nikamwambia pampu yenu haiingii kwenye vali yenu, akakaa kimya kidogo, nyuma yake nasikia redio, halafu akasema:

"Sasa dada mie nikufanyeje? Sukuma."

Sukuma. Hakuuliza nipo wapi. Hakuuliza nna maji. Saa sita hiyo, jua la utosini, na kile kivuli cha vichaka vya uwandani hakimtoshi hata kuku. Jamani miye kukosea namsamehe mtu, pampu inaweza kuchanganywa, lakini lile "sukuma" lilivyotoka mdomoni, kama anafukuza paka jikoni, hilo sijalisamehe na sidhani kama ntalisamehe.

Nikasukuma. Kitu cha saa nzima, labda pungufu, hasira inarefusha njia. Karibu na kufika Mtende nikakutana na mzee mmoja na baiskeli yake ya Phoenix, imebeba kuni nyuma mpaka yeye haonekani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hiyo haina upepo au haina mwenyewe?"

Nikamwonesha pampu. Akaishika, akaugeuza mdomo wake juu, akaupuliza kama filimbi, akanirejeshea bila kusema kitu. Halafu akaishusha yake kutoka kwenye fremu, imefungwa kwa kipande cha tyubu, imechakaa imebaki bati, mdomo wake ule wa kibano wa baiskeli za wazee wetu. Na mnajua nini? Unaingia! Kile kibano kinachobana vali za Phoenix kinabana na hizi nyembamba vile vile. Baiskeli ya mashindano imeshindwa na duka zima, imekuja kuokolewa na pampu ya mbeba kuni.

Lakini kabla hajapampu aliitoa tena tairi, akapitisha kidole ndani, akanambia mwanangu hapa pamechanika, ukitia upepo tyubu itachungulia nje na itapasuka tena kabla hujafika popote. Alikuwa na polo (gunia) la mchele kalikunja juu ya zile kuni. Akakata kipande kama kiganja kwa panga, akakikunja mara mbili, akakilaza ndani ya tairi pale penye jeraha, maandishi ya kijani yakabaki upande wa nje, "MCH", imekatika hapo. Akafunga, akapiga upepo, akagonga tairi kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. Pesa hakutaka. Nilimkamia mpaka akakubali nusu ya mkate wa kumimina, akautia kwenye kanzu.

Baada ya hapo sina la kueleza sana. Nilishuka pwani ya Mtende, maji yamejaa, mchanga umebaki kidogo baina ya majabali, nikakaa nikala. Halafu Makunduchi polepole, naisikilizia ile tairi ya nyuma, na kipande cha polo hakikunifelisha hata mara moja.

Makunduchi yule kijana kaja na keri, kile kigari kidogo cha mizigo, kuichukua baiskeli, kwa malipo mbali. Pole hakunipa. Akaizunguka baiskeli kama polisi, akaona ule mpasuko, akanambia nimetia takataka kwenye tairi yao, na kwamba tairi inabadilishwa nzima, thalathini na tano elfu, inatoka kwenye amana. Nikamwambia pampu yenu je? Akasema ya pampu ni mambo mengine. Nikarejeshewa elfu kumi na tano, nikapanda 310 nikiwa natetemeka kwa hasira.

Kwa hiyo ukiniuliza nyota ngapi, usiku ule ningesema hakuna, na wafunge. Kesho yake miguu inauma ule uchungu mtamu nikasema tatu, maana baiskeli ile na njia ile wallahi sijawahi kupata. Halafu nikakumbuka "sukuma", nikashusha moja. Ukitaka kwenda nenda, ila jaribu pampu mbele ya macho yao. Au usiende kabisa. Sijui.

Mie nimenunua pampu ya kibano Darajani, elfu nane. Na wiki zisizokuwa nyingi baadae, msinicheke, nikamtuma mdogo wangu wa kiume akanikodie ile ile, mie nikamsubiri Dimbani na pampu yangu mkobani. Hakuulizwa kaja na nani. Nikafungua kimfuko: pampu ile ile, mdomo mpana, wameitafutia na plastiki nyengine. Nikainama kukagua tairi ya nyuma, hiyo niliyoilipia mpya. Pale ubavuni, kwenye mpasuko wangu, kimechungulia kipande cha polo, na ukikaza macho unaisoma M ya kijani.