Kupimiwa kina cha mwamba kabla ya foraji: yaliyonikuta Kalebuka, Lubumbashi

Mchimbaji wa foraji, yaani kisima kirefu cha bomba, hapa Lubumbashi hukupa bei mbili, ya mita ya udongo na ya mita ya jiwe. Juu ya hizo kuna mabomba ya PVC ya kuzuia udongo usiporomoke, ambayo unayanunua wewe mwenyewe, kila moja mita 3. Kwa hiyo anayejua jiwe linaanzia wapi anajua atatumia kiasi gani, na asiyejua anaenda sokoni kwa kubahatisha. Mchimbaji wa kwanza nilimwuliza, "Papa, kwenye kiwanja changu jiwe liko mita ngapi?" Akasema, "Mama, tutaona mbele." Wa pili alikuja na kijiti chenye panda, akazunguka mwembe mara mbili, akatangaza kwamba maji yapo. Mimi sikuwa nimemwuliza habari za maji.

Ndipo shemeji yangu akaniletea wapimaji wawili, kijana na mkubwa wake. Tulipatana dola 240 kwa pointi 6, pamoja na ramani ya rangi ya kiwanja kizima. Nilitegemea kuona lori na mitambo. Wakashuka kwenye teksi na kiboksi kidogo kuliko tofali, chenye misumari mitatu chini yake. Walikwangua majani, wakakikandamiza mpaka misumari yote ikaingia udongoni, wakakisawazisha, halafu wakatufukuza sote. Dakika 20 kwa kila pointi, hakuna kupita karibu, hakuna kutwanga, hata kuku wakafungiwa.

Yule mkubwa alinieleza kazi yenyewe huku tumekaa kibarazani, na naisimulia kwa sababu bila kuielewa nisingegundua kosa lililokuja baadaye. Ardhi haitulii kamwe. Mawimbi ya bahari ya mbali, upepo kwenye miti, malori ya barabarani, vyote vinaitikisa kidogo kidogo. Udongo laini uliolala juu ya mwamba mgumu una mtikisiko wake unaoupenda kuliko mingine. Akaniuliza kama najua likembe, ile ala ya ndimi za chuma. Ulimi mrefu hutoa sauti nzito, mfupi hutoa sauti nyembamba. Udongo nao ndivyo ulivyo: tabaka nene hutikisika polepole, tabaka jembamba haraka. Kiboksi kinapima mtikisiko wa kwenda pembeni na wa kwenda juu na chini, kisha kompyuta inagawanya wa kwanza kwa wa pili. Pale mstari unapopanda kama kichuguu, ndipo penye sauti ya udongo wako. Njia hii aliieneza mhandisi wa Kijapani, Nakamura, kwa makala yake ya mwaka 1989.

Pointi ya pili ilitaka kutuharibia siku. Kijana alitazama kompyuta akaruka, "Mama, una bahati, mwamba uko mita moja tu!" Mstari ulikuwa umepanda kwenye hezi 25, yaani mitikisiko 25 kwa sekunde. Mimi tayari nilishaanza kuona msingi wa nyumba uliokaa juu ya jiwe, na saruji niliyookoa. Mkubwa wake akasogea, akatazama, akauliza, "Nani anasaga bunga hapa?" Nyuma ya ukuta wa jirani kuna kinu cha mahindi kinachoendeshwa kwa jenereta, na jenereta ya aina ile huzunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Alinionyesha: kilele cha udongo huwa kipana, kina mabega, lakini hiki kilikuwa chembamba kama sindano, na kilionekana pande zote tatu kwa pamoja. Kumbe tulikuwa tumepima kinu. Walirudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajaamka kusaga, na sindano haikuwepo. Kwa hilo nawapa maksi zote. Wangeweza kuniandikia mita 1 wakaondoka na pesa yangu.

Ripoti ya kwanza ilikuja baada ya siku nne. Pale nilipotaka kuchimba, hezi 4.4, kina cha mwamba mita 12. Kwa hesabu hiyo mabomba manne yanatosha, la tano la akiba. Lakini jirani yangu wa upande wa juu, mzee aliyestaafu, ana foraji tangu miaka mingi, na daftari la mchimbaji wake analihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na hati za kiwanja. Nikaenda kumwamkia, nikamwomba anisomee. "Udongo mwekundu, udongo wa njano, mawe yaliyooza, halafu mita 23: jiwe gumu." Kutoka kwake hadi kwangu ni hatua kama sitini, na kiwanja ni tambarare. Mita 23 kwake na 12 kwangu? Nikampigia simu yule mpimaji mkubwa.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema ukweli, na hilo nalo ni sifa. Kiboksi hakipimi mita. Kinapima hezi. Ili kupata mita lazima ujue mawimbi yanakimbia kwa mwendo gani kwenye udongo wa mahali hapo, au uazime fomula ya watu wengine. Wao waliazima ya Ujerumani, ya mwaka 1999, iliyotengenezwa kwenye bonde la chini la mto Rhine: 96 mara hezi zilizopandishwa kipeo cha kutoa 1.388. Inatumika sana na si fomula mbaya. Ila ni ya udongo wa kule.

Hapo ndipo mazungumzo yaliponoga, na nikiri kwamba nilimweka kwenye simu mpaka salio langu likaisha. Njia hii, alisema, inapendeza hasa kwenye nchi zilizofunikwa na barafu zama zile, kaskazini mwa Ulaya, Kanada, majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Minnesota na Michigan. Barafu nene ilitambaa juu ya nchi, ikakwangua kila kitu kilichooza mpaka ikafika kwenye jiwe zima, na ilipoyeyuka ikamwaga juu yake mchanganyiko wa tope, mchanga, changarawe na mawe. Mahali pengine mashapo hayo ni mita chache, pengine yanajaza mabonde ya zamani kwa zaidi ya mita 100, na huwezi kujua kwa kutazama juu kwa sababu nchi yote inaonekana tambarare. Kule wanaunganisha karatasi za maelfu ya visima vilivyochimbwa na vipimo vya viboksi kama hiki, wanachora ramani ya unene wa mashapo, na humo wanatafuta maji. Kilele kwenye kompyuta kinakuwa kikali kwa sababu mpaka ni mkali: juu tope, chini jiwe zima, kama blanketi juu ya saruji.

Sisi Katanga barafu hiyo haikutufikia. Jiwe letu limeoza papo hapo kwa mvua na joto, kutoka juu kwenda chini, polepole. Udongo mwekundu unageuka wa njano, wa njano unageuka jiwe linalovunjika kwa vidole, na hilo linakuwa gumu kadiri unavyoshuka. Mpaka wetu ni kama ukoko wa bukari (ugali) chini ya sufuria, huwezi kusema kwa uhakika bukari imeishia wapi na ukoko umeanzia wapi. Kwa hiyo mwendo wa mawimbi ni tofauti, na kilele kinakuwa kipana.

Akaongeza kitu ambacho sikukijua na nimekwisha kukisimulia kanisani na sokoni. Barafu ilipita huku pia, ila ni zamani mno, miaka kama milioni 700 iliyopita. Mashapo yake yapo hata leo, wanajiolojia wanayaita Grand Conglomérat, lakini yamekwisha kuwa mwamba wenyewe. Kule Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, shaba inapatikana hasa chini kabisa ya tabaka hilo. Yaani wenzetu wanachimba kupita mashapo ya barafu ili wafike kwenye jiwe, sisi mashapo yetu ndiyo jiwe, na ndiyo yanayolisha nusu ya mkoa wa jirani.

Turudi kwenye kiwanja. Nikawaambia waje wapime kwa mzee, pembeni ya foraji yake, bila malipo ya ziada. Kijana alianza kulalamika habari ya teksi, mkubwa akamkata. Kwa mzee kilitoka hezi 3.8. Fomula ya Rhine ingesema mita 15, daftari la kopo la biskuti linasema 23. Wakageuza hesabu mbele yetu kwenye karatasi, mwendo ni 4 mara hezi mara kina: 4 mara 3.8 mara 23, unapata mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa udongo wetu. Kisha kwangu: 350 gawanya kwa 17.6, yaani 4 mara 4.4, unapata mita 20 kasoro kidogo. Mzee alifuatilia kila tarakimu na kalamu yake mwenyewe, kisha akasema, "Basi kiboksi kimekuja kuuliza kopo langu." Walicheka. Mimi nilikuwa nahesabu mabomba: saba, si matano.

Tulichimba mwezi wa tisa kabla ya mvua. Udongo mwekundu, njano, kuanzia mita 17 yakaanza kutoka mawe laini ya kijivu ambayo fundi aliyasaga kiganjani, na kwenye mita 21 wakabadilisha, wakafunga nyundo ya hewa, ya kuvunjia jiwe gumu. Mabomba saba yakafika barabara. Maji ya kwanza yalionekana mita 34, tukasimama mita 58. Ningekuja na mabomba matano, udongo ungeangukia nyundo, na wote tunajua mchimbaji angemlipisha nani.

Je, ningewaita tena? Ndiyo, kwa foraji. Kwa msingi wa nyumba sidhani, chimba shimo la mita mbili uone kwa macho. Wanakuja kwa wakati, wanajua kelele ni nini na udongo ni nini, na wakiulizwa hawajifanyi. Lakini swali la kwanza walipaswa kuniuliza wao: nani karibu ana kisima chenye karatasi? Hawakuuliza. Na pointi ya nne waliiweka juu ya kichuguu cha zamani kilichosawazishwa na tingatinga, nikawaonyesha mimi, wakaihamisha.

Ramani ya rangi ilifika baada ya wiki tatu, nzuri, kijani mpaka nyekundu, nimeibandika jikoni. Pointi zote wamezirekebisha kwa mwendo mpya, isipokuwa ya tano, pale kwenye choo, ambayo bado imeandikwa mita 12.